Ngoma ya sokomutu, ngoma ya mtu

*Kati ya Kasongo na Kabambare msitu umekuwa na wapigaji ngoma wa aina mbili. Wataalamu wanabishana ni yupi kati yao anayesema, na huku nyuma wote wawili wanazidi kuwa wachache.*

Mwanzoni mwa 1871, mfanyabiashara aliyejulikana Manyema, Maniema ya leo, kwa jina la Katomba alimpa David Livingstone mtoto wa sokwe. Mama yake alikuwa ameuawa na wawindaji. Mtoto mwenyewe alikuwa jike, kimo chake hakikufika nusu mita, mwenye manyoya meusi marefu, na alikaa kimya kwenye mkeka kando ya yule mgeni kana kwamba wamejuana miaka.

Akitaka kubebwa, alinyoosha mkono. Akinyimwa, alipiga ukelele na kusokota viganja kama mtu aliyefiwa. Usiku alijifunika mkeka. Uso aliupangusa kwa jani.

Livingstone alikuwa ametoka kukwama karibu miezi saba Kabambare, mji ambao katika shajara zake anauita Bambarre, vidonda vya miguu vikiwa vimemnyima hatua. Ndiyo miezi aliyoisikiliza nchi kwa sababu hakuwa na la kufanya zaidi ya kusoma Biblia, kuirudia, na kuandika. Mtoto yule hakusafiri naye. Aliandika kwa mzaha kwamba yeye peke yake alikuwa anasongwa vya kutosha na watazamaji; soko wawili, yeye na huyo mdogo, wasingepata hata nafasi ya kupumua.

Soko ndilo jina alilolisikia Manyema. Leo wengi mashariki ya Kongo husema sokomutu.

Katika kurasa hizohizo kuna habari nyingine mbili. Ya kwanza: soko hukusanyika, hutoa mdundo kama wa ngoma, wengine wakimwambia kuwa wanapiga miti yenye uwazi ndani, kisha hulipuka kwa makelele. Ya pili: wenyeji walimweleza kwamba soko ni mtu, tena mtu asiye na ubaya.

Swali nililopewa na mhariri ni hilohilo, ila kwa maneno ya leo. Yule mtoto aliponyoosha mkono, na wazazi wake walipopiga miti, kulikuwa na lugha? Na kama haikuwa lugha, ilipungukiwa na nini?

Mkono ulioeleweka

Tuanze na mkono, maana ndio rahisi. Livingstone hakuhitaji mkalimani, na sasa tunajua kwa nini.

Katika msitu wa Budongo, magharibi mwa Uganda, Catherine Hobaiter na Richard Byrne wa Chuo Kikuu cha St Andrews walikusanya matukio zaidi ya 4,500 ya sokwe wakiashiriana kwa mikono na mwili. Mwaka 2014 walichapisha orodha yao: ishara 66, makusudi 19. Njoo. Acha. Sogea. Nichambue manyoya. Panda mgongoni tuondoke.

Mwaka 2023 Hobaiter na mwenzake Kirsty Graham waligeuza jaribio upande wetu. Waliwaonyesha watu zaidi ya 5,000 video fupi za ishara za sokwe na bonobo, kila moja ikiwa na majibu manne ya kuchagua. Anayebahatisha angepata moja kati ya nne. Watu hao, ambao hawakufundishwa lolote, walipata zaidi ya nusu.

Kwa hiyo wenyeji wa Manyema hawakuwa wanapiga porojo walipomweka soko katika ukoo wa watu. Kuna mawasiliano tunayoyashiriki na viumbe hawa, na ni ya kale kuliko neno lolote la Kiswahili au la Kibangubangu.

Lakini soma tena orodha ya makusudi. Karibu yote ni maombi au amri, na yote ni ya papo hapo. Hakuna ishara ya kusema "mama yangu aliuawa na wawindaji". Mtoto yule alikuwa na habari nzito kuliko zote pale mkekani, na mkono wake uliweza tu kuomba kubebwa.

> Karibu ishara zote za sokwe ni maombi au amri, na yote ni ya papo hapo.

Shina lenye saini

Sasa ngoma. Waliomwambia Livingstone habari za miti walikuwa karibu na ukweli: sokwe hupiga kwa mikono na miguu mizizi ile mipana inayotoka kwenye mashina makubwa kama kuta. Mdundo husikika umbali wa zaidi ya kilomita moja, mara nyingi ukiambatana na mwito wao mrefu wa kuhema na kupaza.

Mwaka 2022 Vesta Eleuteri, Hobaiter na wenzao walichapisha matokeo kutoka kwa sokwe wa Waibira, hukohuko Budongo. Kila dume lilikuwa na mpigo wake. Likiwa safarini, lilipiga kwa namna inayolitambulisha, hata mtafiti aliyezoea angeweza kujua ni nani bila kumwona. Likijitutumua mbele ya wenzake, mara nyingi saini hiyo liliiacha. Maana yake ni kwamba sokwe anaweza kutaka kujulikana au kutotaka, kulingana na shughuli aliyo nayo.

Miaka mitatu baadaye timu ya Eleuteri ikapanua uwanja: midundo 371 kutoka jamii 11 za sokwe, mashariki na magharibi mwa Afrika. Sokwe wa magharibi hupiga kwa nafasi zinazolingana, mapigo mengi na ya haraka. Wa mashariki huchanganya nafasi fupi na ndefu. Sokwe wa vilima vya Itombwe na wa bonde la Luama, majirani zetu, ni wa jamii ya mashariki.

Mpaka hapo ngoma ya sokomutu inabeba mambo ambayo miaka 50 iliyopita yangepingwa vikali: utambulisho wa mpigaji, kusudi, na mtindo wa eneo. Mtu wa kijijini akisikia hayo atauliza swali la haki kabisa. Kama ngoma ya sokomutu inasema "mimi fulani, niko huku, ninaelekea kule", ngoma yetu inaizidi nini?

Gogo linalotaja marehemu

Ngoma yetu, kwa maana ya ile inayosema, haina ngozi. Ni gogo moja lililochongwa kwa tundu jembamba juu, likafukuliwa ndani, na kuachwa na kingo mbili zisizolingana unene. Kwa Wakusu na ndugu zao Watetela inaitwa lokombe. Majirani wengi, kutoka Walega hadi Wasonge, wana za kwao. Ukingo mmoja hutoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Basi. Sauti mbili tu.

Henry Morton Stanley na mfanyabiashara Tippu Tip walipoondoka Nyangwe mnamo Novemba 1876 kuufuata mto, habari zao zilitangulia kwa ngoma za namna hii kijiji hadi kijiji kadiri msafara ulivyoteremka. Wageni wengi walidhani ni king'ora tu, mapigo ya hatari na mapigo ya amani.

Mtu aliyewaonyesha wazungu kwamba sivyo alikuwa John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Yakusu, karibu na Kisangani ya leo, mwaka 1938, akajifunza kupiga kwa Walokele, na mwaka 1949 akachapisha kitabu chake juu ya ngoma zinazosema. Siri iko katika lugha zenyewe. Katika Kilokele, kama ilivyo katika Kikusu, Kilega na Kibangubangu, kila silabi ina kimo chake cha sauti, juu au chini, na kimo hicho ni sehemu ya neno. A. E. Meeussen, mtaalamu wa lugha wa Ubelgiji, alikieleza Kibangubangu hivyo mwaka 1954. Mpiga ngoma huacha konsonanti na irabu zote, akabaki na wimbo wa sentensi.

Tatizo ni kwamba maneno mengi yana wimbo mmoja. Katika Kilokele, mwezi na kuku hulingana kabisa kwa vimo. Mpigaji hutatua hilo kwa kurefusha: mwezi hupewa maelezo kwamba uko juu ukiitazama nchi, kuku hupewa maelezo ya mlio wake. Ujumbe wa maneno machache unakuwa hotuba, na msikilizaji wa kijiji cha pili anaelewa bila shaka.

Ukiipima hivyo, ngoma ya mtu ni maskini kuliko ya sokomutu. Ina sauti mbili tu. Lakini kwa hizo mbili inatangaza kwamba fulani, mwana wa fulani na fulani, wa kijiji fulani, alifariki jana. Kwamba mazishi ni kesho kutwa. Kwamba wajomba waje na mbuzi. Kwamba uvumi wa juzi haukuwa kweli. Marehemu hayupo. Kesho kutwa haijafika. Uvumi haukuwa kweli. Mambo matatu yasiyokuwepo, yamepita msituni juu ya kipande cha mti.

> Kwa sauti mbili tu, gogo linatangaza aliyekufa jana, mazishi ya kesho kutwa, na uvumi ambao haukuwa kweli.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi, na nitaishikilia katika makala haya mpaka atokee wa kuninyang'anya. Ukubwa wa sauti na ukali wa sikio havihusiki, wala wingi wa milio. Mnyama hushughulika na kilichopo. Mtu ana namna ya kukizungumzia kisichokuwepo, kukikana, na kukijibu.

Mboloko na mwongo wake

Wawindaji wa misitu ya Kongo wanalijua hili bila kusoma kitabu. Mwindaji huchuchumaa, hubana pua kwa vidole, na kutoa mlio mwembamba wa mboloko, yule paa mdogo wa msituni, aliye taabuni. Mboloko wa kweli anakuja mbio, anakuta mshale, nyavu au bunduki.

Mtu huyo amemdanganya mnyama kwa mlio wake mwenyewe, na kamdanganya vizuri. Lakini mwambie amdanganye kwa namna nyingine yoyote. Amwambie mboloko apite njia ya kisima badala ya njia ya shamba, au aje keshokutwa wakati nyavu zimeshatengenezwa. Hawezi, si kwa ujinga wake. Katika mlio wa mboloko hakuna mahali pa kuweka maneno hayo.

Wenzetu wa Kenya wana mfano uliopimwa. Kule Amboseli, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walificha vipaza sauti vichakani, wakawapigia tumbili kelele za tahadhari zilizorekodiwa kwa tumbili wenzao. Kwa kelele ya chui, walipanda miti. Kwa ya tai, walitazama juu au kukimbilia kichakani. Kwa ya nyoka, walisimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasi. Chui hakuwepo, wala tai, wala nyoka. Utafiti huo wa 1980 uliwashtua wengi: kumbe mlio wa mnyama unaweza kutaja kitu, badala ya kumwaga hofu tu.

Hata hivyo tumbili hakai jioni akasimulia habari za chui wa asubuhi. Kelele na chui ni sharti vikutane, isipokuwa pale mtafiti anapoingiza uongo wake, sawasawa na mwindaji wa mboloko.

Wapo wanaonivuruga hoja. Nyuki, ambao Karl von Frisch alipata kwa ajili yao sehemu ya Tuzo ya Nobel ya 1973, hucheza gizani ndani ya mzinga na kuonyesha upande na umbali wa maua yaliyoko mbali. Maua hayo hayapo hapo. Nakubali, na ni la ajabu. Ila nyuki hana namna ya kusema maua yalikuwa hapo mwaka jana, wala ya kuuliza kama mwenzake ana uhakika.

Wa pili ni tembo. Mwaka 2024 Michael Pardo na wenzake walichambua milio 469 ya tembo wa Amboseli na Samburu kwa msaada wa kompyuta. Walikuta dalili kwamba tembo huitana kwa milio inayomhusu mwitwaji mmoja, kama majina. Waliporudishiwa mlio uliowalenga, waliitika na kusogea zaidi kuliko kwa mlio uliomlenga mwingine. Sokomutu hupiga saini yake mwenyewe. Tembo, kama utafiti huu utasimama, hutaja ya mwenzake.

Kisha kuna ndege mwonyesha asali, ambaye sijui mtu wa mashariki ya Afrika asiyemfahamu. Mwaka 1989 Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na H.-U. Reyer walionyesha kuwa Waborana walioongozwa na ndege huyu walipata mzinga kwa wastani wa saa 3.2, badala ya saa 8.9 wakitafuta peke yao. Claire Spottiswoode naye alikuta mwaka 2016 kwamba Wayao wa Niassa, Msumbiji, wakitoa mwito wao wa jadi, nafasi ya kupata asali hupanda kutoka asilimia 17 hadi 54. Na mwaka 2023, yeye na Brian Wood wakaonyesha kuwa ndege wa Niassa wanaufuata zaidi mwito wa Wayao, na ndege wa Wahadzabe wa Tanzania wanafuata zaidi mbinja za Wahadzabe. Kila ndege na desturi ya wenyeji wake! Hapa mawasiliano yamevuka ukuta kati ya mtu na mnyama, yakajifunzwa pande zote mbili. Mada yao, hata hivyo, ni moja tangu zama za mababu: asali iko wapi.

Na kasuku? Msomaji wa Maniema amekuwa akisubiri niwataje, kwa kuwa misitu ya pande za Kindu imewatoa wengi mno kwa ajili ya vizimba vya ng'ambo, mpaka mwaka 2016 nchi za mkataba wa CITES zilipokutana Johannesburg na kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa mwituni. Alex, kasuku wa Irene Pepperberg huko Marekani, alijua majina zaidi ya 100, rangi na hesabu mpaka sita kabla ya kufa mwaka 2007. Hakuwa mwigaji mtupu. Lakini alikuwa akijibu maswali ya mwalimu wake kuhusu vitu vilivyo kwenye sinia.

Ng'ambo ya Lualaba

Ugomvi mkali zaidi unatoka nchini mwetu. Mto Kongo, ambao kwetu ndio Lualaba, umewatenga jamaa wawili kwa zaidi ya miaka milioni: sokwe upande huu wa Kasongo na Kabambare, bonobo ng'ambo ya magharibi, kuelekea Lomami na kwingineko. Bonobo hawapatikani porini katika nchi nyingine yoyote duniani.

Katika hifadhi ya Kokolopori, jimbo la Tshuapa, Mélissa Berthet, Martin Surbeck na Simon Townsend walirekodi milio 700 ya bonobo, na kwa kila mlio wakaandika mambo zaidi ya 300: nani alikuwepo, nini kilitangulia, nini kilifuata. Mwezi Aprili 2025 walitangaza katika jarida la Science kwamba bonobo huunganisha milio, na kwamba maana ya muungano hutokana na maana za sehemu zake.

Wanatofautisha miungano ya aina mbili. Tuseme kwa Kiswahili: fundi mrefu ni fundi, tena ni mrefu, unajumlisha tu. Fundi bandia si fundi aliye pia bandia. Neno la pili limeligeuza la kwanza. Watafiti walikuta miungano minne ya bonobo, na mitatu kati yake ilikuwa ya aina hii ya kugeuza.

Kwa upande unaodai ukuta kati yetu na wanyama ni mfupi, hilo ni pigo zito. Kwa miongo mingi jibu la darasani lilikuwa kwamba mnyama ana milio, mtu ana sarufi. Sasa bonobo wa Tshuapa ameingiza mguu mlangoni.

Upande wa pili haujasalimu amri. Noam Chomsky na wanaomfuata wanashikilia kwamba kiini cha lugha ni uwezo wa kuunganisha kitu na kitu, kisha matokeo yake na kingine, bila kikomo. Milio miwili iliyoungana ni miwili. Hakuna aliyesikia bonobo akijenga juu ya muungano ghorofa ya pili na ya tatu. Berthet na wenzake wenyewe hawakusema bonobo wana lugha. Walisema tu kwamba kipande kimoja cha lugha kina asili ya kale kuliko tulivyodhani.

Wapingaji wana kumbukumbu chungu pia. Katika miaka ya 1970, Herbert Terrace wa Chuo Kikuu cha Columbia alimlea sokwe aitwaye Nim, akafundishwa ishara za viziwi zipatazo 125. Alianza akiamini Nim atatunga sentensi. Mwaka 1979 alichapisha kinyume chake: mafungu marefu ya Nim yalikuwa marudio ya nipe, kula, mimi, chungwa, bila mpangilio uliokua, na mengi aliyachukua kwa walimu wake dakika hiyohiyo. Mtoto wa mtu akirefusha sentensi anaongeza habari. Nim aliongeza kelele za kuomba.

Kisha akaja Kanzi, bonobo aliyezaliwa Marekani mwaka 1980, akakua akigusa alama kwenye ubao chini ya uangalizi wa Sue Savage-Rumbaugh. Alipopewa maagizo 660 ya Kiingereza, mengi ya ajabu ajabu asiyowahi kuyasikia, alitekeleza sawasawa asilimia 72. Mtoto wa kike wa miaka miwili aliyepewa maagizo hayohayo alipata asilimia 66. Kanzi alifariki Machi 2025, wiki chache kabla ya habari za Kokolopori kutoka.

Nikiulizwa mimi, matokeo ya Kanzi yanaeleza kuelewa zaidi kuliko kusema, na tofauti hiyo ni kubwa. Mtoto yule wa miaka miwili alikuwa anaanza tu. Mwaka uliofuata bila shaka alikuwa anauliza kwa nini, tena na tena, kama watoto wote wanavyochosha wazazi wao. Alama za Kanzi ziliendelea kwa sehemu kubwa kuwa za kuomba.

> Mtoto wa mtu akirefusha sentensi anaongeza habari.

Nani anapoteza nini

Mabishano haya yana wateja wasiosoma majarida. Wanaotetea wanyama wangependa sana neno "lugha" litamkwe, kwa kuwa ni vigumu kumla anayesema. Sheria ya nchi haikulingoja. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa maumbile inawalinda viumbe walioorodheshwa, sokwe na bonobo wakiwemo, bila kuuliza kama wanaongea. Naona ni busara. Siku ulinzi utakapotegemea sarufi, mboloko na kobe watakuwa hawana wakili.

Kuna hasara isiyohesabika kwa mizoga, na hapa ngoma inarudi. Mwaka 2019 Hjalmar Kühl, Ammie Kalan na wenzao walilinganisha jamii 144 za sokwe kwa tabia 31 ambazo hazifanani kila mahali. Pale ambapo athari ya binadamu ni kubwa, uwezekano wa kuziona tabia hizo ulikuwa mdogo kwa asilimia 88. Sokwe wanabaki, lakini desturi zao zinakatika. Kama mtindo wa kupiga mashina unafundishwa na wakubwa, basi msumeno na machimbo ya dhahabu vinaweza kuunyamazisha hata pale ambapo sokwe wachache wamesalia. Inawezekana pia kwamba sokwe walio karibu na watu hunyamaza kwa akili zao: anayepiga ngoma msituni huwaonyesha wawindaji alipo.

Upande wa watu hasara ina sura nyingine, na chanzo chake kimojawapo ni lugha ninayoandikia.

Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip na watu wake tangu miaka ya 1870 mpaka majeshi ya kikoloni ya Mbelgiji Dhanis yalipoiteka Aprili 1893, na kutoka huko Kiswahili kilienea Maniema yote kikawa lugha ya soko, ya kanisa, ya msikiti, ya ndoa kati ya makabila. Mimi ni mtoto wa faida hiyo. Lakini Kiswahili hakina vimo vya sauti vya kubagua maneno. Mkazo wake huangukia karibu daima silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua "baba amefariki" na "mama amesafiri". Silabi saba kwa saba, mkazo mahali palepale. Vipige kwenye lokombe, na kijiji cha pili hakitajua kama kuna msiba au mtu yuko njiani.

Ndiyo maana ngoma hizi zilisema Kikusu, Kilega au Kisonge, na haziwezi kuhamia Kiswahili kama wenyewe walivyohama. Simu ya mkononi inalaumiwa kwa kuua ngoma, na kweli imechangia. Lakini hata pale ambapo mtandao haushiki, mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili peke yake hana sikio la kuifasiri lokombe.

Inawezekana kabisa kumfundisha kijana kama huyo mapigo kumi ya sherehe, akayapiga bila kosa mbele ya wageni, na vikundi vya utamaduni hufanya hivyo. Hapo atakuwa pamoja na kasuku: mapigo anayo, ujumbe mpya hawezi kuutunga. Atakayetaka kumjaribu ampe habari ya leo ambayo hakuna mzee aliyewahi kuipiga, kwamba daraja limekatika, lori la mihogo limelala njiani tangu juzi, na wanaokuja harusini wapite njia ya mtoni. Kisha amtume mtu wa kijiji cha pili arudi kusema alichokisikia.